Namna ya Kukokotoa Kodi ya Mshahara: Makato Yapi Hutangulia Kodi

Kwa mujibu wa Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, kila mwajiri Tanzania Bara anawajibika kukata kodi katika mshahara wa mfanyakazi na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ndani ya siku saba baada ya mwezi husika kumalizika. Kodi hiyo, ijulikanayo zaidi kama PAYE, haitozwi kwenye mshahara wote, bali kwenye mapato yanayobaki baada ya kuondoa makato yanayoruhusiwa na sheria.

Hatua ya kwanza ni kujumlisha mapato yote ya ajira kwa mwezi: mshahara, malipo ya saa za ziada, bonasi na posho zinazotozwa kodi. Fedha ambazo mfanyakazi hulipwa kwa ajili ya safari ya kikazi hazihesabiwi katika jumla hiyo.

Hatua ya pili ni kuondoa mchango wa kisheria wa mfanyakazi katika mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa kawaida, mwanachama wa NSSF huchangia asilimia 10 ya mshahara, na mtumishi wa umma aliye katika PSSSF huchangia asilimia 5. Kiasi kinachobaki ndicho mapato yanayotozwa kodi.

Hatua ya tatu ni kutumia viwango vya kodi kwa mkazi, vilivyoanza kutumika Julai 2021:

- Mapato yasiyozidi Sh. 270,000 kwa mwezi: hayatozwi kodi.
- Zaidi ya Sh. 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kiasi kinachozidi 270,000.
- Zaidi ya Sh. 520,000 hadi 760,000: Sh. 20,000, pamoja na asilimia 20 ya kiasi kinachozidi 520,000.
- Zaidi ya Sh. 760,000 hadi 1,000,000: Sh. 68,000, pamoja na asilimia 25 ya kiasi kinachozidi 760,000.
- Zaidi ya Sh. 1,000,000: Sh. 128,000, pamoja na asilimia 30 ya kiasi kinachozidi 1,000,000.

Kwa mfano, mfanyakazi wa sekta binafsi anayelipwa mshahara wa Sh. 1,000,000 bila posho huchangia NSSF Sh. 100,000. Mapato yake yanayotozwa kodi ni Sh. 900,000. Kodi yake ni Sh. 68,000, pamoja na asilimia 25 ya Sh. 140,000, ambayo ni Sh. 35,000, jumla Sh. 103,000. Endapo mchango wa NSSF hautaondolewa kwanza, kodi itafikia Sh. 128,000. Mfanyakazi huyo atakuwa amekatwa Sh. 25,000 zaidi kila mwezi, sawa na Sh. 300,000 kwa mwaka.

Hata hivyo, si kila makato hupunguza kodi. Kodi ya pango, ada za shule, nauli ya kwenda kazini na marejesho ya mikopo ya benki au SACCOS ni matumizi binafsi, hivyo hayaondolewi kabla ya kodi. Vivyo hivyo, marejesho ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, hukatwa bila kubadili kiwango cha kodi. Iwapo mfanyakazi aliyetajwa ni mnufaika wa mkopo huo, atakatwa Sh. 150,000 nyingine, na kodi yake itabaki Sh. 103,000. Atakachopokea mkononi ni Sh. 647,000.

Aidha, tozo ya kuendeleza ufundi stadi na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wajibu wa mwajiri, wala havipaswi kukatwa katika mshahara wa mfanyakazi.

Ni muhimu kwa kila mfanyakazi kukagua hati yake ya mshahara na kujiridhisha kuwa mchango wa hifadhi ya jamii umeondolewa kabla ya kodi kukokotolewa. Anayebaini tofauti anashauriwa kuanza kwa kuonana na mhasibu wa mwajiri wake, na suala lisipopatiwa ufumbuzi, afike katika ofisi ya TRA iliyo karibu naye akiwa na hati hiyo.