Chumvi ya Uvinza katika Chungu cha Waha

Tangu mwaka 2017, UNESCO ilipoiandika nsima ya Malawi, ambayo kwetu ni ugali, katika orodha ya urithi wa wanadamu, na hasa baada ya 2021, wali wa samaki wa Senegali ulipoingia katika orodha hiyo na juhudi za Kenya za kuhifadhi vyakula vya asili zikatajwa kuwa mfano mwema, ni halali kwa Muha wa Busunzu, katika nyanda za Kibondo, kuuliza chungu cha nyumbani kwao kitaandikwa lini.

Chungu hicho si maskini. Mtama na ulezi ndivyo vilivyokuwa nafaka za wazee. Mahindi na muhogo, vilivyovuka bahari kutoka Amerika, vikaja baadaye, na serikali ya kikoloni ikawahimiza watu, aghalabu kwa amri, kupanda muhogo kuwa akiba ya njaa. Pembeni mwa ugali hukaa maharage, mawese yatokayo pwani ya Ziwa Tanganyika, na migebuka au dagaa. Lakini vyote hivyo, ukiondoa chumvi, havina ladha, na tarikhi ya chumvi ya Waha ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Kusini mwa Buha, nchi ya Waha, mahali Mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, zimo chemchemi za maji ya chumvi za Uvinza. Wataalamu John Sutton na Andrew Roberts, waliochimba huko na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968, walithibitisha kwa vigae vya vyungu na mashimo yaliyosiribwa kwa udongo kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi hapo yapata miaka elfu moja na mia tano iliyopita, yaani kabla dola nyingi za pwani yetu hazijapata jina. Kazi hiyo ilikuwa ya kiangazi, kwa kuwa masika mito hufurika na maji ya chemchemi huzimuka. Hapo ndipo Waha walipoteremka kutoka nyanda zao, wakakutana na Wavinza, Wajiji, Warundi na Wanyamwezi, wakajenga vibanda vya muda, wakakata kuni, wakateka maji, wakayaweka mekoni katika vyungu hata yakakauka na kuacha chembe nyeupe; watawala wa Uvinza nao wakatwaa ushuru wao, na kila mtu akafunga mzigo wake wa kurudi nao kwao au wa kuuzia njiani. Richard Burton, aliyepita mwaka 1858, aliisifu chumvi hiyo kuwa bora kupita ile chungu ya Ugogo, akasema imeenea ndani kabisa ya bara. Nami naona fahari kwamba mgeni yule, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu wetu, alilazimika kuikiri kazi ya mikono yao.

Ugomvi ulikuja na Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni yao ikazitwaa chemchemi, ikapabandika mahali hapo jina la Gottorp, na kile kilichokuwa haki ya kila mwenye chungu na nguvu za kukata kuni kikageuka kuwa mali ya mwenye hati. Aliyekuwa mchemshaji wa nafsi yake, atoaye ushuru kisha akaenda na kilichosalia, akabakiwa na njia mbili, kuwa kibarua au kuwa mnunuzi. Udhalimu huo hautajwi vya kutosha katika masomo ya watoto wetu, ambao hufundishwa habari za Stanley na Livingstone kukutana Ujiji mwaka 1871, lakini hawaambiwi ni nani aliyetia chumvi katika chakula cha misafara.

Baada ya hapo zikaja kodi, safari za manamba kwenda mashamba ya mkonge, uhuru, na kambi za wakimbizi, kama Nyarugusu ya Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996, zilizoleta unga wa mahindi wa msaada. Hata hivyo njia ya kukiandika chungu chetu ipo, kwani Tanzania iliridhia mkataba wa UNESCO wa urithi usioshikika mwaka 2011. Basi halmashauri za Kibondo, Kasulu na Uvinza zikae pamoja, ziwaite bibi zetu wanaojua kusonga ugali wa ulezi, zikaandike majina ya vyungu na ada za kula, na jalada la kwanza lifunguliwe kwa chemchemi za chumvi.