Yule dada wa Kijapani ndani ya gari la Baba

Najua nimepotea wiki nyingi. Zamu za usiku zimenifuata hadi sikuwa na muda hata wa kusuka nywele. Leo siwaletei bei ya unga wala baridi ya Jozi. Leo ni historia, na ni historia ya magari, msikimbie kwanza!

Aliyenichokoza ni mpwa wangu, yule wa kaka (mwenyewe anajijua). Amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo, na kazi yake ya sasa ni kucheza gemu la magari kwa jirani. Gemu lenyewe ni la Forza Horizon, unaendesha unakotaka, nchi nzima iko wazi mbele yako. La kwanza la 2012 lilikuwa Colorado, Marekani. Baadaye wakaenda Ufaransa na Italia, Australia, Uingereza, na Mexico mwaka 2021. Septemba 2025 wakatangaza kwamba la sita ni Japani. Kijana hakulala. Akanitumia orodha ya mambo ambayo gemu la Japani lazima liwe nayo: milima ya kona kali, taa za Tokyo usiku, Skyline, Supra, RX-7, injini inayopiga kelele. Mwisho akaniuliza, "Shangazi, huko Bondeni Skyline zimejaa barabarani eti?"

Niliisoma saa tisa usiku wakati wa mapumziko, nikacheka peke yangu. Orodha ni nzuri. Ila amesahau jambo moja, na jambo lenyewe limeegeshwa uani kwetu chini ya mwembe. Ni ile Mark II ya marehemu Baba, ambayo nasikia kaka anataka iuzwe kabla ya Pasaka.

Nianze na alichopatia. Hiyo milima ni kweli. Vijana wa Japani walikuwa wakipanda usiku kwenye barabara za milimani kushindana kwenye kona, na huko ndiko ile kuserereka kwa makusudi wanayoiita drifti ilikokuzwa. Keiichi Tsuchiya, ambaye baadaye alipewa jina la mfalme wa drifti, alijijengea sifa na Toyota ndogo iitwayo AE86, gari la kawaida kabisa la miaka ya 1980. Mwaka 1994 tayari kulikuwa na gemu la Kijapani lenye jina lake, la mbio za barabara za juu za Tokyo. Barabara hizo zilianza kufunguliwa 1962 mji ukijiandaa kwa Olimpiki ya 1964, na mzunguko wake wa ndani una kama kilomita 15 tu, umebanwa katikati ya maghorofa. Hazikujengwa kwa mashindano, zilijengwa kupunguza foleni. Vijana ndio walioamua vingine.

Halafu mwaka 1995 ikaanza hadithi ya katuni ya Shuichi Shigeno iitwayo Initial D. Mpwa wangu anaijua ndani nje. Lakini nilimuuliza: yule kijana Takumi anafanya kazi gani na ile AE86? Anapeleka tofu! Tofu ni chakula cha maharage ya soya, laini kama jibini. Gari la shujaa ni gari la biashara ya baba yake, na mlangoni limeandikwa jina la duka kwa Kijapani. Sasa niambieni nyie wa Dar, mmeona vigari vingapi vyenye maandishi ya Kijapani mlangoni, vinabeba mkaa, soda, mpaka maharusi? Wengine tulidhani ni mapambo. Kumbe ni jina la duka la mtu, kule.

Kwa nini gari la duka la mtu lije kwetu likiwa zima, likiwa bado linang'aa? Hapa ndipo orodha ya mpwa wangu ilipokaa kimya. Japani wana ukaguzi unaoitwa shaken, na mizizi yake iko kwenye sheria ya 1951. Gari dogo jipya hukaguliwa likifika miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kila ukaguzi una gharama zake, kodi na bima ndani yake. Juu ya hapo, tangu sheria ya 1962, ukitaka gari mjini lazima uonyeshe una mahali pa kuliegesha. Basi gari likikaribia miaka kumi, mwenyewe anapiga hesabu anaona bora anunue jingine. La zamani linakwenda mnadani. Mkaguzi wa mnada anaandika karatasi: alama 4 na nusu, 3 na nusu, au herufi R kama liliwahi kugongwa likatengenezwa. Kila mkwaruzo unachorwa mahali pake. (Natamani wagonjwa wangu wangekuja na karatasi kama hiyo!) Kutoka hapo ni melini, na safari ya wiki kadhaa hadi Mombasa, Dar au Durban.

Sisi tulikuwa tunawasubiri kwa hamu. Wazee wanakumbuka Tanzania ya mwanzo wa miaka ya 1980, fedha za kigeni hakuna, mabasi hayatoshi. Mwaka 1983 serikali ikaruhusu mabasi ya watu binafsi Dar, nauli shilingi tano, ile sarafu tuliyoiita dala, na jina daladala likazaliwa. Bajeti ya 1984 ikaruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa bila kuulizwa sana. Mlango ulipofunguka, waliopita wengi walikuwa Wajapani. Zikaja Hiace tukaziita vipanya. Kule Kenya matatu ya abiria 14 ikaitwa nisani hata kama ni Toyota.

Lakini sifa ya magari haya haikuanzia mnadani. Ilianzia kwenye Safari Rally, mashindano yaliyoanza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 1600, akarudia 1971 na 240Z. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda na Datsun 1973, kisha mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder Singh alishinda na Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Baba alikuwa akitusimulia hayo kama wengine wanavyosimulia Simba na Yanga. Kwake gari lililovuka tope la Kenya siku kadhaa bila kuvunjika halikuhitaji tangazo. Na Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia 2021, Toyota imeshinda kila mwaka hadi 2025, miaka mitano. Kwa hiyo mpwa wangu, utamaduni wa gari la Kijapani una sura nzima iliyoandikwa kwa matope ya Afrika Mashariki. Nani anaiweka kwenye gemu?

Sasa nije kwenye swali lake la Skyline za Bondeni. Nilipofika hapa jambo la kwanza lililonishangaza, kabla hata ya baridi, ni barabara. Wanaendesha kushoto kama sisi, usukani kulia kama sisi. Nikatafuta Vitz, hakuna. Noah hakuna. IST, Mark II, hakuna! Nikajiona kama nimeingia nyumba ya ndugu halafu hakuna picha hata moja ya ukoo.

Sababu ni kwamba Afrika Kusini haikuruhusu mitumba ya magari, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wanalinda viwanda vyao. Yale magari ya Japani yanashuka Durban kwa wingi, lakini ni ya kupita tu kwenda Zambia, Zimbabwe, Botswana na kwingine. Toyota iliingia hapa 1961 kupitia mfanyabiashara Albert Wessels, ikianza na vipikapu, na kiwanda chake kikubwa kiko Prospecton, Durban. Nissan walitengeneza Rosslyn, Pretoria, kwa miaka mingi. Honda Ballade ilitengenezwa East London, tena na kampuni ya Mercedes-Benz ya hapa, kuanzia 1982 hadi 2000. Na kuna doa lazima nilitaje. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, biashara na Japani iliponoga, serikali ya makaburu iliwapa Wajapani hadhi ya "wazungu wa heshima". Mjapani aliweza kulala hoteli ambayo mwenye nchi hakuruhusiwa kuingia ila kwa kufagia. Gemu halitatuonyesha hilo, najua.

Watu weusi wakayachukua magari yale yale wakayafanya yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ililegeza sheria za usafiri, Hiace za abiria zikajaa. Wakaiita moja Zola Budd, kwa yule binti mkimbiaji wa peku wa hapa aliyegongana na Mary Decker kwenye Olimpiki ya Los Angeles 1984. Hiace nyingine iliandikwa Siyaya, maana yake tunakwenda. Ukisimama kando ya barabara unanyoosha kidole cha shahada juu, dereva anajua unakwenda mjini. Mimi ilinichukua mwezi mzima kujifunza vidole, na siku ya kwanza nilipelekwa nisikojua, kwikwikwi!

Na mpwa wangu, shika hili: Conquest RSi, Toyota ya hapa, ilikuwa na injini ya 4A-GE. Ni injini ya familia ile ile iliyokuwa kwenye AE86 ya Tsuchiya na ya muuza tofu. Haikuletwa na mnada, iliuzwa dukani hapa hapa, na mpaka leo vijana wa vitongojini wanaitunza kama mtoto. Ila mfalme wa kuzungusha gari Soweto si Mjapani, ni BMW ya zamani wanayoiita gusheshe. Mchezo huo wa kuzungusha gari, watu wakining'inia madirishani, ulihusishwa na mazishi ya majambazi, na baadaye ukatambuliwa kama mchezo halali wenye viwanja vyake. Kwenye viwanja sawa. Mtaani ni jambo jingine. Wikiendi ya mwisho wa mwezi, watu wakishapata mshahara, tunaopokea majeruhi usiku tunajua kabla simu haijalia. Kwenye lile gemu kuna kitufe cha kurudisha muda nyuma ukigonga. Mpwa wangu, nimeshatafuta kitufe hicho wodini. Naishia hapo.

Basi gemu la Japani linahitaji nini? Kuna gemu moja lilikaribia, Gran Turismo ya 1997. Ulianza na pesa kidogo, huwezi kununua jipya, unakwenda kwenye yadi ya mitumba kutafuta kigari cha kuanzia maisha. Huo ndio ukweli wa Mjapani wa kawaida, na wetu. Ningependa gemu likupe gari ambalo limeshakuwa na mtu: karatasi ya mnada yenye mikwaruzo, jina la duka mlangoni, redio ya FM inayoishia 90 kwa sababu masafa ya Japani yalikuwa hivyo, mpaka fundi akufungie ekspanda ndipo usikie stesheni za Dar. Mshale wa spidi unaoishia 180. Na ukilichoka lisitoweke, liende bandarini, ulione likipakiwa.

Ile Mark II ni ya 2002, Baba aliipata 2010. Mnakumbuka kila asubuhi akiwasha, dada mmoja alikuwa anaongea Kijapani kwenye dashibodi? Sisi tulisikia "iitiishii kaado" tukadhani anajitambulisha. Baba akaamua anamwamkia, akawa anamjibu, "Marahaba mwanangu," ndipo anaingiza gia. Miaka yote ile. Nimekuja kujua hapa Jozi anachosema: kadi ya ETC haijaingizwa. Ni kadi ya kulipia tozo kwenye barabara za kulipia kule, zikiwemo zile za juu za Tokyo anazoziota mpwa wangu. Yaani gari la Baba huenda lilishapita huko huko, na kila asubuhi lilikuwa linaomba kadi lirudi.

Kaka, kuuza siwezi kukukataza, bima na matengenezo unalipa wewe. Ila naomba betri ichajiwe kwanza, mpwa wangu akae kiti cha mbele na simu yake, uwashe, arekodi. Na mmoja wenu amjibu.