Gemu hufa seva ikizimwa: Okoa zilizo kwenye simu yako ya zamani

Gemu nyingi za siku hizi haziko zote kwenye simu au diski uliyonunua. Sehemu yake iko kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni. Seva ikizimwa, gemu inagoma hata kama ulilipia.

Yaliyoikuta The Crew

Gemu hii ya magari ya kampuni ya Ubisoft ilitoka Desemba 2014. Seva zake zilizimwa Machi 31, 2024, na hata wenye diski wakabaki hawana cha kucheza. Ndipo ikaanza kampeni ya Stop Killing Games, iliyopata saini zaidi ya milioni 1 Ulaya kufikia Julai 2025. Wanachodai ni kwamba kampuni ikijitoa, iache gemu ikiwa bado inachezeka.

Na kwetu je?

Nokia ilifungua duka lake la mtandaoni, Ovi Store, mwaka 2009. Mwaka 2015 nafasi yake ikachukuliwa na Opera Mobile Store. Gemu za simu za batani za wakati huo, kama Ma3Racer ya Kenya inayohusu matatu, zikapoteza duka lao.

Masasi na Newala, kama kwingine nchini, gemu za Java zilisambaa sana kwa kurushiana kwa Bluetooth au kuingiziwa kwenye memori kadi kibandani, pamoja na nyimbo. Mafaili hayo, yanayoishia na .jar, mara nyingi hayahitaji seva. Kwa hiyo duka limekufa, ila gemu inaweza kuwa bado ipo kwenye droo yako.

Jinsi ya kuziokoa

1. Chomeka memori kadi kwenye kompyuta au simu janja, tafuta mafaili ya .jar.

2. Nakili sehemu 2 tofauti, maana memori kadi nazo hufa.

3. Andika aina ya simu na ukubwa wa kioo. Gemu ya 128x160 haikai vizuri kwenye kioo cha 240x320.

4. Kucheza kwenye Android, weka programu ya J2ME Loader, kisha fungua faili.

Angalizo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, hivyo usiuze nakala bila ruhusa ya mwenye gemu.

Na kabla hujampa fundi simu ya zamani, toa memori kwanza. Ikishafutwa, huenda hakuna pa kuipakua tena.