Barua za Sony Labou Tansi: mwandishi aliyeanza kwa kuandikia watu wawili

Kabla jina lake halijajulikana Kinshasa wala Paris, Sony Labou Tansi alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Congo-Brazzaville. Alizaliwa mwaka 1947 upande wetu wa mto, wakati wa Congo ya Wabelgiji, jina lake Marcel Ntsoni. Akiwa bado mtoto akavushwa ngambo ya pili, akasoma kwa Kifaransa, lugha ambayo hakuikuta nyumbani kwao. Mshahara wa mwalimu, madaftari ya shule na biki: ndivyo vitu alivyoanza navyo.

Njia yake ilipitia redio, jambo ambalo wasikilizaji wengi hawalijui. Redio ya Ufaransa ilikuwa na shindano la michezo ya kuigiza kwa waandishi wa Afrika, na Sony alituma michezo yake huko mara kadhaa. Ndipo akapata watu wawili wa kuandikiana nao: Françoise Ligier, aliyesimamia shindano hilo, na José Pivin, fundi wa michezo ya redio. Kuanzia mwaka 1973 akawaandikia barua: Pivin hadi 1976, Ligier hadi 1983. Barua hizo zilichapishwa kitabu mwaka 2005, miaka 10 baada ya kifo chake.

Tuitazame hesabu hiyo. Riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, La vie et demie, ilitoka mwaka 1979. Kwa hiyo kwa miaka 6, wakati hakuna riwaya yake hata moja dukani, mtu huyu alikuwa tayari na wasomaji. Wawili tu, lakini anawajua kwa majina.

Hapo ndipo barua inamsaidia mwandishi. Anayeandika kitabu haoni anasema na nani, ndiyo maana wengi wanaanza na maneno makubwa kama ya hotuba. Anayeandika barua anajua msomaji wake anaelewa nini na hajui nini. Mtu wa Paris hajawahi kukaa katika darasa la Congo. Inabidi kumweleza mpaka aone. Kazi hiyo ya kumfanya mtu wa mbali aone ndiyo hiyo hiyo ya riwaya. Tena mkono unakwenda polepole kuliko mdomo, na sentensi mbaya inajionyesha kabla haijaisha. Ujumbe wa sauti kwenye simu ni mzuri kwa haraka, lakini simu ikiibiwa njiani, maneno nayo yamekwenda.

Wako watakaosema: Sony alisoma sana, sisi je? Jibu liko Katanga. Katika miaka ya 1990, mwanaume mmoja aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani aliandika historia ya maisha yake kwa mkono, kwa Kiswahili cha kwao, akimwandikia mama mmoja wa Ubelgiji aliyekuwa mwajiri wake. Hakuandika mara moja. Aliandika mara tatu, kila mara akiyarudia maisha yale yale. Herufi zake hazifuati sheria za shule, lakini mtaalamu wa lugha Jan Blommaert alizichunguza karatasi hizo kwa makini katika kitabu alichotoa mwaka 2008. Bila yule mama wa kumwandikia, ni vigumu kuona karatasi hizo zingeanzia wapi.

Kwa familia zilizokimbia vita mashariki mwa Congo, barua ya mkono si jambo la zamani. Msalaba Mwekundu bado unabeba ujumbe ulioandikwa kwenye karatasi kati ya ndugu waliopotezana. Karatasi hiyo haifungwi, na inakubali habari za familia peke yake: nani mzima, nani amezaa, nani anamtafuta nani. Nafasi ni ndogo, kwa hiyo mtu analazimika kuchagua neno.

Anayeandika anaweza kuanzia kwenye daftari, kisha akanakili yale yanayoruhusiwa. Yaliyobaki, kama vile kijiji kilivyochomwa na nani alimbeba bibi mgongoni, yanakaa katika daftari yakiwa yameelekezwa kwa ndugu yule yule. Daftari lenyewe lifungwe vizuri kwenye nailoni, maana mahema yanavuja, na lisiachwe mahali ambapo kila mtu anapita.