Mapango ya Mlima Masaba: Simulizi za dunia iliyo chini ya ardhi

Mlima unaoandikwa Elgon katika ramani, watu wa Mbale huuita Masaba. Ni volkano iliyozimika zamani sana. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, chenye mita 4,321, kipo upande wa Uganda, na mpaka wa Uganda na Kenya unapita juu ya mlima huo. Mgeni anayefika Mbale huutazama kwa kuinua macho. Lakini simulizi za kale kuhusu mlima huo humtaka msikilizaji atazame chini, kwenye matundu na mapango yaliyo ubavuni mwake.

Mapango hayo ni mengi. Lipo pango la Khauka katika safu ya Wanale, iliyosimama juu ya mji wa Mbale. Yapo ya Sipi na Kapkwai katika wilaya ya Kapchorwa. Upande wa Kenya yapo Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kwa jamii zinazouzunguka mlima, mapango yamekuwa mambo matatu kwa wakati mmoja: mahali pa asili, mahali pa kujificha, na mahali pa kuogopwa. Matukio ya miaka ya karibuni yanaonyesha kwamba kila moja kati ya hayo matatu lina ukweli wake.

Mundu na Sera watoka shimoni

Makabila mengi ya Afrika Mashariki husimulia kwamba wahenga wao walitoka mbali: walivuka mto, walifuata ng'ombe, au walikimbia vita. Wamasaba, wanaojulikana pia kama Wagisu, wanayo simulizi ya namna nyingine. Wahenga wao hawakutoka kokote. Mundu na mkewe Sera walitokeza kutoka katika shimo la Mlima Masaba wenyewe.

Jina Mundu katika lugha ya Lumasaba lina maana ya mtu. Kwa hiyo simulizi hii, ukiisikiliza vizuri, inasema kwamba mtu alizaliwa na mlima. Ndugu zao Wabukusu, wanaoishi upande wa Kenya katika kaunti ya Bungoma, huwataja watu wa kwanza kwa majina ya Mwambu na Sela. Jina la mama, kama linavyoonekana, ni lile lile pande zote mbili za mpaka.

Wanahistoria wana maelezo tofauti. Ushahidi wa lugha unawaunganisha Wamasaba na jamii nyingine za Kibantu zilizoenea katika eneo la Ziwa Victoria kwa karne nyingi. Hata hivyo, simulizi ya shimo haikutungwa ili ijibu swali la mwanahistoria. Inajibu swali la haki: nani mwenye mlima huu? Aliyetoka ndani yake hawezi kuambiwa kwamba amekuja.

Simulizi za namna hii zipo pia mbali na Afrika. Waapache wa Jicarilla, wa kusini magharibi mwa Marekani, husimulia kwamba watu na wanyama waliishi kwanza katika dunia ya giza iliyo chini, kisha wakapanda hadi juu na kuikuta nchi. Hao na Wamasaba hawakuwahi kukutana. Kinachowalinganisha ni kwamba kila jamii huitazama milima yake na kusema: tulianzia hapa.

Mango na joka la pangoni

Si kila kilichomo pangoni ni chema. Wabukusu husimulia habari za Mango, shujaa aliyeishi karibu na mwamba ambao hadi leo unaitwa Mwiala wa Mango. Katika pango la mwamba huo lilikaa joka kubwa lililokuwa likiwaua watu na mifugo. Mango aliingia pangoni joka likiwa limetoka, akalivizia gizani, na liliporudi akalikata kichwa.

Kwa ushujaa huo alipata heshima ya kutahiriwa, desturi ambayo katika simulizi hiyo ilikuwa ya majirani zao, watu wa jamii ya Sabaot, wanaoitwa Barwa. Tangu hapo, Wabukusu wakaifanya kuwa desturi yao. Wamasaba wa Uganda nao husimulia kwamba tohara, yaani imbalu, ilitoka kwa majirani hao hao, isipokuwa kwao sababu haikuwa joka bali mapenzi: Masaba alimpenda msichana aitwaye Nabarwa, naye akakataa kuolewa na mwanamume asiyetahiriwa.

Hadi leo msimu wa imbalu hufunguliwa Mutoto, pembezoni mwa mji wa Mbale, mwezi wa Agosti katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kijana anayesimama imara mbele ya kisu hutarajiwa kuonyesha ujasiri ule ule ambao kwa Wabukusu jina lake ni Mango: kukutana na hofu bila kupepesa macho.

Kuzimu kwa majirani

Ukiondoka Mbale kuelekea magharibi, simulizi za chini ya ardhi hubadilika sura. Huko Bunyoro na Toro, mfalme Isaza wa ukoo wa Watembuzi alipokea ujumbe kutoka kwa Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, aliyetaka wachanjiane damu na kuwa ndugu. Isaza hakutaka kufanya hivyo mwenyewe, akamtuma mtumishi wake Bukuku badala yake. Nyamiyonga alipotambua kwamba amedharauliwa, alimtuma binti yake Nyamata kwenda kuchunguza Isaza anapenda nini kuliko vyote. Jibu lilikuwa ng'ombe. Basi Nyamiyonga akapeleka ng'ombe wazuri wa kutamanisha. Waliporudi kuzimu, Isaza aliwafuata, na hakuonekana tena. Lakini Nyamata alikuwa amepata mimba ya Isaza, na mtoto wake Isimbwa ndiye aliyekuja kuwa baba wa Ndahura, mfalme wa kwanza wa Wachwezi.

Kwa Waganda, aliyeshuka chini ni Kifo chenyewe. Walumbe, kaka yake Nambi, alimfuata dada yake na mumewe Kintu kutoka mbinguni, akaanza kuwaua watoto wao. Ndugu mwingine, Kayikuzi, alitumwa kumkamata, lakini Walumbe alimponyoka na kuzama ardhini mahali paitwapo Ttanda, katika wilaya ya Mityana. Mashimo yaliyopo hapo huelezwa kuwa ndiyo alimojificha, na watu bado huenda kuomba na kutambika.

Kwa hiyo, katika nchi moja, Masaba hutoa watu kutoka ardhini, Ttanda huficha kinachowaua watu, na kuzimu kwa Nyamiyonga humeza mfalme na kurudisha mjukuu.

Nani aliyachimba mapango?

Mwishoni mwa mwaka 1883, msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alifika upande wa kusini wa mlima na kukuta watu wakiishi ndani ya mapango pamoja na mifugo yao. Alishangazwa na ukubwa wa mapango hayo hata akaamini kwamba yalichimbwa zamani na taifa lenye ustaarabu mkubwa lililokuwa likitafuta vito au madini, na akajiuliza kama Wamisri wa kale waliwahi kufika huko. Wenyeji walimwambia kwamba ni kazi ya Mungu. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1885, na dhana hiyo ya wachimbaji wasiojulikana ikabaki kuwa hekaya ya Wazungu juu ya mlima wa Waafrika.

Thomson hakukosea katika jambo moja: mapango kadhaa yalichimbwa kweli. Aliyekosea kumtambua ni mchimbaji. Sehemu kubwa ya mlima imejengwa na majivu na mawe yaliyorushwa na volkano, yakashikamana na kuwa mwamba ulio laini. Ndani ya mwamba huo mna chumvi. Mvua nyingi za mlimani huiondoa chumvi katika udongo na majani, na wanyama wanaokula majani hayo hubaki na njaa ya chumvi. Ndiyo maana tembo huingia katika pango la Kitum usiku, hutembea gizani zaidi ya mita 100 kwa kupapasa kwa mkonga, hubomoa kuta kwa pembe zao na kutafuna vipande vya mwamba. Nyati na pongo huokota mabaki. Watu nao kwa vizazi vingi walikwangua chumvi hiyo kwa ajili ya ng'ombe wao.

Utafiti wa kijiolojia uliochapishwa mwaka 2006 ulihitimisha kwamba uchimbaji wa wanyama na watu una sehemu kubwa katika kuumba mapango ya tembo ya mlima huu. Tangu ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, tembo wamepungua sana mlimani. Alama za pembe zao zingali ukutani.

Kimbilio na mahakama

Kwa jamii za Wasabiny na Wakony, pango halikuwa hekaya bali nyumba. Mlangoni palizibwa kwa magogo, ng'ombe na mbuzi walilala ndani, moto uliwashwa kupambana na baridi, na maadui waliokuja kupora mifugo walikuta ukuta wa mwamba. Jina Elgon lenyewe huhusishwa na watu hao wa Kony.

Wale walioishi juu zaidi, katika misitu na nyika za mlima, wanajulikana leo kama Wabenet. Mwaka 1983 serikali ilimega sehemu ya msitu ili wahamishiwe huko. Mwaka 1993 mlima ulipofanywa hifadhi ya taifa, mpaka uliopimwa upya uliwaacha wengi upande usioruhusiwa. Kesi yao ilifika Mahakama Kuu mjini Mbale, na mwezi Oktoba 2005 ikatolewa hukumu ya maafikiano iliyowatambua kuwa wakazi wa kihistoria na wa asili wa eneo hilo, wenye haki ya kukaa na kulima. Utekelezaji wake umebaki kuwa mgogoro.

Hapa ndipo simulizi ya asili inapopata uzito. Hati za ardhi na ramani za mipaka zina umri mdogo kuliko mapango. Kwa watu ambao babu zao hawakuandikiwa hati, kueleza walilala katika pango gani na walilamba chumvi ya mwamba upi ni njia ya kusema kwamba walikuwapo.

Kinachokaa gizani

Mwezi Oktoba 2017, Wizara ya Afya ya Uganda ilitangaza mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg katika wilaya ya Kween, kwenye miteremko ya mlima huu. Wa kwanza kuugua alikuwa mwindaji aliyekuwa akiwinda karibu na pango lenye popo wengi. Watu 3 wa familia yake, yeye akiwa mmojawapo, walifariki. Mlipuko ulitangazwa kwisha mwezi Desemba mwaka huo huo.

Haikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuhusishwa na mapango. Mwaka 1980 na mwaka 1987, wageni wawili waliokuwa wamezuru pango la Kitum waliugua Marburg nchini Kenya na kufariki. Mwaka 2007 waliugua wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, na mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuingia katika pango la msitu wa Maramagambo. Watafiti walichunguza popo wala matunda wa Kitaka na kuvipata virusi hivyo vikiwa hai ndani ya miili yao.

Popo hao wenyewe si maadui. Hueneza mbegu na kuchavusha maua ya miti ya msituni, na kuwaua au kuwafukuza kumeonekana kuongeza hatari badala ya kuipunguza. Ushauri wa wataalamu wa afya ni wa kawaida: mtu asiingie katika pango lenye popo wengi bila sababu na bila vifaa vya kujikinga, asiwashike popo wala kula matunda waliyoyauma, na anayepata homa kali ya ghafla baada ya kuingia pangoni aende kituo cha afya mara moja na aeleze alikokuwa.

Wazee waliosimulia habari za joka la Mwiala hawakujua neno virusi. Walijua kwamba pango lina mwenyewe, kwamba anayeingia ovyo anaweza asirudi, na kwamba kifo anachotoka nacho kinaweza kuwafuata walio nyumbani. Mundu na Sera walitoka shimoni mara moja tu, na hakuna simulizi inayosema kwamba walirudi ndani.