Mgunga na Acacia: Kisa cha Jina Lililohama

Mfasiri akutanapo na jina Acacia katika waraka wa misitu, huandika mgunga bila kusita. Kwa muda mrefu hakukosea. Sasa desturi hiyo yapasa kuangaliwa upya, na mahali pafaapo kuanzia ni Shinyanga, nchi ya migunga.

Jina la jenasi Acacia lilitolewa na Philip Miller mwaka 1754. Spishi yake ya mfano ilikuwa mgunga wa Mto Nile, Acacia nilotica, ambao huota pia katika mbuga za Shinyanga. Brenan, alipoandika juu ya mimea ya Afrika Mashariki mwaka 1959, aliiweka migunga yetu yote chini ya jina hilo.

Baadaye utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba jenasi hiyo, yenye spishi zipatazo 1,350, haikuwa ukoo wa babu mmoja. Spishi za Australia, karibu 1,000, zina udugu wa karibu zaidi na jamii ya mikenge kuliko na migunga ya Afrika. Ilibidi jenasi igawanywe. Kwa kanuni ya kawaida, jina lingebaki na spishi ya mfano, yaani Afrika. Lakini wataalamu wa mimea waliokutana Vienna mwaka 2005 waliipa Australia jina hilo, ili majina machache zaidi yabadilike. Na mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011 ukathibitisha uamuzi huo.

Tangu hapo migunga yetu imo katika jenasi mbili: Vachellia, ambayo kwa kawaida ina miiba ya jozi na maua ya duara, na Senegalia, yenye miiba ya kulabu na, mara nyingi, maua ya shuke. Acacia halisi iliyopo nchini ni mgeni, kama vile mwati wa Njombe. Miaka 3 baada ya Melbourne, yaani mwaka 2014, kampuni iliyochimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi ilijiita Acacia, ikalitumia jina hilo hadi mwaka 2019: jina limekwisha kuitoka miti, likabandikwa machimboni.

Jambo hili si la wataalamu peke yao. Tangu mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga uanze mwaka 1986, ngitili nyingi zimefufuliwa, na migunga ni miongoni mwa miti yake mikuu. Ofisa anayeagiza mbegu za Acacia kwa ajili ya ngitili aweza leo kuletewa mti wa Australia, wala muuzaji asiwe na kosa.

Kwa hiyo twapendekeza: mgunga ubaki jina la jumla la Vachellia na Senegalia, akasia liwe la miti ya Australia, na katika nyaraka za kabla ya mwaka 2005 mfasiri achunguze kwanza spishi inayotajwa. Kura iliyopigwa ng'ambo yaweza kuhamisha jina la Kilatini. Mgunga haukupigiwa kura, na hauna sababu ya kuhama.