Hii ni Nembo ya Kampuni Gani?

"Hii ni nembo ya kampuni gani?" fundi wa tatuu aliniuliza, akiigeuzageuza karatasi niliyompa.

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake pale Sinza, Dar es Salaam, mkono wa kushoto umeshanyolewa vinyweleo na kupakwa spiriti. Miaka 34, tatuu ya kwanza. Kwenye karatasi kulikuwa na mistari mitatu ya kupindapinda, kama meno ya msumeno. Nikacheka. Kijana wa watu bila kujua alikuwa amelitaja neno lenyewe.

Siku hizi nembo ni ya benki, ya klabu ya mpira, ya taifa: yule mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu. Lakini fungua kamusi za zamani za Kiswahili, utakuta nembo ni alama ya kabila iliyochanjwa mwilini. Wamakonde huziita dinembo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa nazo mashavu yote mawili, na nyingine kwenye paji la uso.

Bibi alizaliwa Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, akavuka Ruvuma na wazazi wake miaka ile Wamakonde wengi walipokuwa wakija Tanganyika kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alichanjwa akiwa msichana mdogo. Fundi hukata ngozi kwa kisu kidogo, kisha husugua masizi ya mbegu za mbarika ndani ya jeraha. Kikipona, rangi inabaki chini ya ngozi, buluu ya kukolea. Asiyeridhika na ukolevu hurudi kukatwa tena. "Nililia mpaka sauti ikakauka, mjukuu wangu," aliniambia siku moja, kisha akajishika shavu na kucheka.

Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijazimika kabisa, Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi hadi Newala akipiga picha na kuandika aliyoyaona. Chale hakuzikuta kwa Wamakonde peke yao. Wamakua na Wayao nao walikuwa nazo. Hili nalitaja kwa sababu wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba Wamakonde walijichanja ili wafanyabiashara ya watumwa wawaone wabaya na kuwaacha. Hadithi hiyo inaliwaza, lakini mbona Wayao, ambao baadhi yao ndio walioongoza misafara kwenda pwani, nao walichanjwa? Mimi naona hadithi hii inawanyang'anya wale wazee kitu: inafanya uso wa bibi yangu uwe jibu la mtu mwingine. Nembo ilisema huyu ni wa kwetu, na amevumilia. Tena ilikuwa urembo. Watu waliipenda.

Mji haukuipenda. Shule, misheni na kazi za mjini vilikuja na macho mengine, na kizazi cha mama yangu hakikuchanjwa. Mama hana hata mstari mmoja. Bibi alipokuja Dar kututembelea, kwenye daladala alivuta khanga mpaka puani. Na mimi, nikiwa darasa la tano, rafiki zangu walipouliza yule mama mwenye uso ule ni nani, nilisema ni mgeni wa jirani. Bibi alikuwa mlangoni. Alisikia. Hakuwahi kunisemesha juu ya jambo hilo mpaka alipofariki.

Ndiyo maana nilikuwa kwenye kile kiti. Na hata hapo kulikuwa na kichekesho chake. Neno tatuu asili yake ni visiwa vya Pasifiki. Msafara wa James Cook ulilisikia Tahiti mwaka 1769 na kulipeleka Uingereza. Mashine ya umeme aliisajili Samuel O'Reilly, New York, mwaka 1891. Basi nilikuwa nalipia neno la Tahiti na mashine ya New York ili nipate kitu ambacho nyumbani kwetu kilikuwa na jina, na fundi wake.

Shida ikawa mchoro. Picha ya bibi tuliyo nayo ni moja, na ameshika khanga shavuni. Nilikwenda kwa wachonga vinyago wa Mwenge nikaangalia barakoa za mapiko, zile zenye nembo za nta usoni. Nzuri, lakini si yeye. Mwisho nikamwomba mama. Alikataa siku tatu.

"Bibi yako hakuulizwa kama anataka," alisema. "Alishikwa mikono na miguu. Wewe unakwenda kulipa hela?"

Sikuwa na jibu. Siku ya nne akachukua kalamu, akachora nyuma ya risiti ya LUKU. Mkono ulikwenda wenyewe mpaka mstari wa tatu, ukasimama.

"Ilikuwa mitatu au minne?" akaniuliza.

Mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja kila alipokuja.

Tukaacha mitatu. Nilimwambia fundi si ya kampuni, ni ya bibi yangu. Akaiangalia tena ile risiti, akawasha mashine.